Kuzuia Oili Isivuje: Ufundi wa Pikipiki za Zamani Kisumu na Manyatta

Kazi ya kuzuia injini isivuje ilifika Kisumu na reli, kabla ya pikipiki. Reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence, na pamoja nayo zikaja karakana za garimoshi na yadi ya kuungia meli. William Mackinnon, meli iliyoletwa ziwani vipande vipande, ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1900, na Winifred na Sybil zikaifuata. Injini ya mvuke imejaa viungo ambavyo havitakiwi kupitisha kitu: kifuniko cha silinda, maungio ya mabomba, fimbo ya pistoni inayoingia na kutoka bila kupumzika. Fundi wa reli alishindilia katani iliyolowa shahamu kuizunguka fimbo. Kati ya chuma na chuma aliweka karatasi nzito. Kabla ya kufunga, alikagua usawa wa uso wa chuma kwa bamba lililonyooka kabisa, lililopakwa rangi nyembamba: palipopata rangi ndipo palipoinuka, palipobaki pakavu pamebonyea. Mbinu hizo tatu, yaani kushindilia, kutenganisha kwa karatasi na kusawazisha, ndizo msingi wa kila kilichofanywa baadaye kwenye pikipiki.

Wengi wa waliojenga reli hiyo walitoka Bara Hindi. Kati ya watu karibu 32,000 walioletwa kwa mkataba, takriban 6,700 walibaki Afrika Mashariki kazi ilipokwisha. Baadaye walifuatwa na wengine, wakiwemo Makalasinga wa jamii ya Ramgarhia kutoka Punjab, ambao kazi yao ya jadi ni useremala na uhunzi. Katika miji ya reli, Kisumu ikiwa mmojawapo, gereji nyingi za mwanzo zilikuwa mikononi mwa mafundi Wahindi. Kijana Mwafrika aliingia humo kama msaidizi: kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kushika taa, kuitwa alete spana. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alijifunza kwa macho, na aliyekuwa na macho makali aliondoka na kazi nzima.

Pikipiki za awali hazikumhitaji sana mtu wa kuziba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati Jeshi la Uingereza lilipoleta waendesha pikipiki kwenye mapigano ya Afrika Mashariki, injini nyingi zilipakwa oili kwa njia ya kuitumia na kuipoteza. Dereva alikuwa na pampu ndogo ya mkono ubavuni mwa tangi, akiisukuma kila baada ya mwendo fulani. Oili ilishuka kwenye beringi na silinda, sehemu yake ikaungua na moshi, iliyobaki ikatoka na kudondoka njiani. Haikukusudiwa kurudi. Kwa hiyo pikipiki iliyolowa oili haikuwa mbovu. Iliyokauka ndiyo iliyotia wasiwasi, kwani huenda dereva alisahau kusukuma pampu.

Hali ilibadilika oili ilipoanza kurudishwa. Kufikia miaka ya 1930 viwanda vya Uingereza kama BSA, Norton, Triumph na Matchless vilikuwa vimezoea mpango wa tangi la kando na pampu ya sehemu mbili. Sehemu moja hupeleka oili kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni; nyingine huifyonza kutoka chini ya kasha la krenki na kuirudisha tangini. Sehemu ya kurudisha ina uwezo mkubwa kuliko ile ya kupeleka, ili kasha lisijae. Tangu hapo oili ikawa mali ya kutunzwa, na kila tone lililodondoka likawa hasara. Kuvuja kama tatizo la kutengenezwa kulianza na mpango huu.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyozieneza injini hizo kote yalikopita majeshi ya Waingereza. BSA ilitengeneza zaidi ya pikipiki 126,000 za aina ya M20, yenye silinda moja ya sentimita za ujazo 500 na valvu za kando, na Matchless ikatoa G3/L ya 350. Hazikuwa na mbio, lakini zilivumilia. Vita hivyo pia vilizalisha mafundi. Waafrika wengi walioandikishwa jeshini, wakiwemo wana wa Nyanza, walifundishwa udereva na ufundi wa magari, na waliporudi nyumbani mwaka 1945 na 1946 walikuwa wamezoea kufungua injini kwa utaratibu: kusafisha kwanza, kupanga sehemu kwa zamu, kufunga bolti kwa kupishana pande. Katika miaka iliyofuata pikipiki za Kiingereza zikawa chombo cha mapadri, maofisa wa kilimo na wakaguzi wa shule, watu waliotakiwa kufika mahali ambako gari halipiti.

Sifa ya pikipiki hizo kuvuja inajulikana duniani kote, na sababu zake hazina siri. Kasha la krenki liligawanywa wima, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na mstari wa maungio ukapita katikati hadi chini kabisa ambako oili hukusanyika. Nusu hizo mara nyingi zilikutana chuma kwa chuma bila gasketi, yaani karatasi ya kutenganisha, zikitegemea gundi nyembamba na usawa wa nyuso. Kiwandani mashine zilizochonga nyuso hizo zilikuwa zimetumika miaka mingi. Mabomba ya oili yalipita nje ya injini yakiwa na maungio mengi, na fito za kusukuma valvu kwenye baadhi ya injini zilipita ndani ya mirija yenye mipira miwili inayokauka upesi. Pale krenki inapotoka nje ya kasha, oili ilizuiwa kwa kipande cha sufi iliyoshindiliwa au kwa mfereji uliochongwa kama skrubu unaoirudisha ndani. Kasha la cheni ya klachi la M20 lilikuwa la bati lililofinyangwa na kuunganishwa kwa ukanda wa kizibo, na bati likipinda kidogo tu, hakuna kizibo kitakachoshika.

Sababu kubwa kuliko zote haionekani, nayo ni hewa. Pistoni inaposhuka inaikandamiza hewa iliyo chini yake. Kwenye injini ya silinda mbili ya aina ya Triumph Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner na kutolewa mwaka 1937, pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, na kasha la krenki hufanya kazi ya pampu. Injini hupewa kipumulio chenye valvu ili hewa itoke bila kurudi. Kipumulio kikiziba, au ringi za pistoni zikichakaa na kuruhusu moto wa silinda kupenya chini, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia kiungo chochote kilicho dhaifu. Fundi anayebadilisha gasketi bila kukagua kipumulio ataibadilisha tena. Hili ndilo somo kuu la kazi yote, na ndilo linalomtofautisha fundi na mpakaji gundi.

Kisumu iliongeza magumu yake. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,130, karibu kabisa na ikweta, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 mwaka mzima. Oili ya zamani ya daraja moja ilikuwa nyepesi ikipata moto, na wenye pikipiki za Kiingereza katika nchi za joto walishauriwa kutumia oili nzito ya SAE 40 au 50. Barabara za udongo mweusi wa uwanda wa Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo wakati wa masika. Mitetemo hulegeza bolti, na vumbi huganda juu ya oili hadi mtu asijue kiungo kiko wapi.

Ndiyo maana kutafuta mvujo kulikuwa nusu ya kazi. Injini iliyolowa huonekana kama inavuja kila mahali, kwa sababu oili hushuka kwa uzito wake na kupeperushwa nyuma na upepo. Njia ya uhakika ni kuosha injini yote kwa mafuta ya taa, kuikausha, kuinyunyizia poda au chaki iliyosagwa, kisha kuiwasha kwa dakika chache. Unga huloa panapovuja, na palipoloa juu zaidi ndipo chanzo. Yaliyo chini yake ni michirizi tu. Hapo pia hugundulika mivujo isiyo mivujo: baadhi ya pikipiki za Kiingereza zilikuwa na kijitundu cha kudondoshea oili kwenye cheni ya nyuma kwa makusudi, na wapo waliokiziba wakidhani wameponya injini, kumbe wameinyima cheni chakula chake.

Ugonjwa mwingine uliwachanganya wengi. Pikipiki ikikaa wiki bila kuwashwa, oili hupenya polepole kwenye pampu kutoka tangini hadi kasha la krenki. Siku ya kuwashwa, moshi hutanda na oili hufurika kupitia kipumulio, na mwenye pikipiki huapa kwamba sili zote, yaani vizuizi vya oili, zimekufa. Mara nyingi kosa liko kwenye goroli ndogo ya valvu ya kuzuia, ambayo takataka imeizuia isikalie kiti chake. Fundi huisafisha, kisha huigonga goroli mara moja kwa kijichuma laini ili ijichongee kiti kipya. Wengine waliweka koki kwenye bomba la oili na kuifunga kila walipoegesha. Koki hiyo imeua injini nyingi, kwa kuwa siku moja mtu huwasha bila kuifungua, na krenki hukwama baada ya mwendo mfupi. Kati ya tone la oili sakafuni na koki iliyosahauliwa, tone ni heri.

Mafundi Wahindi walianza kupungua Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 na sheria ya uhamiaji ya mwaka huohuo ziliwabana wasio raia, na wengi wakaenda Uingereza. Waliokuwa wasaidizi wao wakawa mafundi wenyewe, mara nyingi bila jengo na bila umeme, chini ya mti au kando ya barabara. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika, alionyesha jinsi ujuzi ulivyopita kutoka gereji za Wahindi hadi kwa mafundi wa Kiafrika bila kupitia chuo chochote. Kilichokuja kuitwa jua kali, yaani ufundi mdogo wa kujiajiri, kina mzizi huo, ingawa serikali ilichelewa kukitambua: Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, na waraka wa bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali ukatoka mwaka 1992.

Manyatta, mtaa wa Kisumu, ilikua katika kipindi hichohicho. Mipaka ya manispaa ya Kisumu ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ardhi ya koo za Waluo iliyokuwa nje ya mji ikaingizwa ndani. Wenye mashamba wakajenga vyumba vya kupangisha, na watu waliotafuta kazi mjini wakajaa. Upande mmoja iko Kondele, njia panda ya magari yaendayo Kakamega. Si mbali kuna soko la Kibuye na mafundi wake wa bati na chuma. Kati ya sehemu hizo, hadi Kona Legio na Kona Mbaya, mitaa ikawa makazi ya mafundi wa baiskeli kwanza na wa pikipiki baadaye. Spea za Kiingereza zilikuwa zimeanza kuadimika. BSA ilianguka mwaka 1973, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Aliyebaki na pikipiki ya zamani alihitaji mtu wa kumtengenezea kisichouzwa.

Gasketi ya mkono ndiyo kazi iliyostahili kutazamwa. Fundi hupakaza shahamu kidogo ukingoni mwa kasha, hutandika karatasi nzito, ya jalada la faili au boksi gumu, na kuanza na matundu ya bolti. Huweka goroli ya beringi juu ya tundu na kuigonga mara moja. Karatasi hukatika duara safi. Huingiza bolti mbili ili karatasi isihame, kisha hufuata ukingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, akigonga taratibu, ndani na nje, hadi chuma chenyewe kikate karatasi. Nyundo ikiwa nzito, ukingo wa aluminiamu huumia na mvujo mpya huzaliwa. Gasketi iliyokamilika huloweshwa oili au kupakwa gundi nyembamba upande mmoja tu, ili siku ya kufunguliwa isichanike.

Kabla ya hapo nyuso lazima zinyooke. Kipande cha kioo kinene cha dirisha kilitosha kuwa bamba la kupimia: msasa laini ulitandazwa juu yake, ukaloweshwa mafuta ya taa, na kifuniko kikasuguliwa kwa mwendo wa nambari nane. Baada ya mizunguko michache, sehemu zilizoinuka hung'aa na mabonde hubaki meusi, hukumu ileile ya karakana ya reli. Aghalabu palipoinuka ni kandokando ya matundu ya bolti, ambako watu walikaza kupita kiasi wakidhani nguvu huzuia oili. Kukaza zaidi hukipinda kifuniko katikati na kukifungua kati ya bolti na bolti. Kwenye maungio ya mabomba, washa za shaba zilizotumika huwa zimegangamaa. Fundi huziweka kwenye makaa ya jiko hadi ziwe nyekundu, akazitosa majini, nazo hurudi kuwa laini na kushika kama mpya.

Si kila ubunifu ulifaulu. Mpira wa tyubu ulijaribiwa mara nyingi badala ya sili, kwa sababu ulipatikana kila kona, lakini oili huuvimbisha ukawa laini na kumumunyuka baada ya muda mfupi. Mpira unaohimili oili ni wa aina nyingine, ule wa naitraili, na hutengenezwa kiwandani. Ngozi iliyoloweshwa shahamu ilidumu zaidi. Suluhisho bora lilikuwa kuchukua sili ya kisasa yenye mdomo wa mpira na chemchemi, ya kipimo kinachokaribiana, na kuichongea nafasi kwa mashine ya kukereza pale palipokuwa na sufi. Pikipiki nyingi za zamani zilizo kavu leo, Kenya na kwingineko, zimekauka kwa njia hiyo.

Wajapani walikuwa wameshatatua tatizo kwa upande wa usanifu. Honda, iliyoanzishwa mwaka 1948, iligawa makasha ya injini zake za silinda mbili kwa ulalo, ili mstari wa maungio ukae juu ya usawa wa oili. Oili ilikaa ndani ya injini yenyewe, bila tangi la nje wala mabomba mengi. Nyuso zilichongwa kwa mashine mpya, na penye mviringo pakawekwa ringi ya mpira, kifaa ambacho Niels Christensen, Mdenishi aliyehamia Marekani, alikiombea hataza mwaka 1937. Turner mwenyewe alizuru viwanda vya Japani mwaka 1960 na akarudi na onyo kwa wenzake. Halikuzingatiwa vya kutosha. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, injini nyepesi ya fito iliyobuniwa kwa nchi ambako matunzo ni haba, na viwanda vya China vikaja kuinakili kwa wingi.

Nakala hizo ndizo zilizoijaza Manyatta. Boda boda za baiskeli zilikuwa zimetawala Kisumu tangu miaka ya 1990. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zilizo chini ya sentimita za ujazo 250 mwaka 2008, baiskeli zikaanza kupisha injini. Kwanza zilikuja za Kichina, kisha Boxer na TVS za Kihindi zikatamalaki. Mivujo yake ni michache na inajulikana: sili ya sproketi ya mbele, sili ya kiki, ringi ya kifuniko cha tapeti, na bolti ya kumwagia oili iliyokazwa hadi nyuzi zake zikalika, kwa kuwa mwendesha boda hubadilisha oili mara kwa mara.

Pamoja na pikipiki hizo ikaja silikoni ya tyubu, na hapa ufundi umerudi nyuma. Silikoni huziba haraka na kusamehe uso mbovu, ila ikipakwa nyingi hujiminya ndani, vipande vyake hukatika na kwenda kuziba chujio au njia ya oili. Kwenye injini ya zamani yenye pampu dhaifu, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuua krenki. Karatasi iliyogongwa vizuri haijawahi kufanya hivyo. Kazi ya nyundo na kioo bado inafaa kufundishwa kwa kila kijana anayeanza gereji, hata kama hatawahi kuiona M20.

Oili inayotoka kwenye injini, kwa kuvuja au kwa kumwagwa, ina mwisho wake. Sehemu hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Nyingine humwagwa mtaroni. Manyatta ina visima vifupi vingi ambavyo wakazi bado wanavitegemea kwa maji, na ardhi inayopokea oili ndiyo inayovilisha. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya za mwaka 2006 zimeiweka oili iliyotumika kwenye kundi la taka hatari, na fundi anatakiwa kuikinga, kuihifadhi kwenye mtungi na kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye leseni.